Afya ya mwanafunzi wa bweni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu fomu za afya na magonjwa ya kuambukiza

Majibu haya ni ya wazazi na walezi wenye watoto katika sekondari za bweni hapa Tanzania, na ya matroni, patroni na walimu wa afya wanaoamshwa usiku mtoto akiugua. Shule ya kutwa nayo itapata ya kwake humu, ila bweni lina shida zake: vitanda vya juu na chini, ndoo moja kwa marafiki watatu, na taulo ambalo mwenye nalo halijui tena.

Kama mtoto anaumwa sasa hivi, usisome kwanza. Mpeleke hospitali bila kungoja asubuhi akiwa na homa pamoja na shingo iliyokakamaa, degedege au kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, kutapika kila anachokunywa, kuharisha majimaji mengi mfululizo, au kutokwa damu pasipo na jeraha.

Fomu ya uchunguzi wa afya inajazwa wapi, na nani?

Fomu huja pamoja na maelekezo ya kujiunga na shule. Hujazwa na daktari, kwa kawaida wa hospitali au kituo cha afya cha serikali, akatia sahihi na muhuri. Shule nyingi huomba vipimo vya damu, choo na mkojo, uchunguzi wa kifua kikuu, macho, masikio, kifua, bandama na tumbo. Mwishoni kuna nafasi ya maelezo ya ziada: ulemavu, ugonjwa wa muda mrefu, mzio wa dawa au chakula. Nafasi hiyo ndogo ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorudi tupu mara nyingi.

Nenda wiki mbili au tatu kabla ya siku ya kuripoti, si siku ya kuamkia safari. Sababu ni rahisi: kikipatikana kitu, mtoto apate muda wa kutibiwa akiwa nyumbani. Kichocho kikionekana kwenye mkojo siku ya Ijumaa na basi linaondoka Jumamosi, dawa itamezwa wapi, na kwa usimamizi wa nani? Sampuli ya choo ichukuliwe asubuhi hiyohiyo, kiasi cha ncha ya kijiko cha chai, kwenye kikopo kisafi chenye kifuniko. Choo cha tangu jana kilichokaa kwenye joto hakimsaidii mtu wa maabara.

Tulipata muhuri bila mtoto kupimwa. Kuna ubaya gani, si karatasi tu?

Ubaya upo, na unampata mtoto wako kabla ya watoto wa wengine. Usiku akianguka, matroni atafungua faili lake. Akikuta kila mstari umeandikwa "kawaida" kwa mwandiko mmoja wa haraka, hatajua kama mtoto ana selimundu, ana kifafa, au anadhurika na dawa za salfa. Atampa panadoli na kungoja asubuhi. Kwa mtoto wa selimundu mwenye homa, saa hizo za kungoja zinaweza kumgharimu uhai.

Kama mlishapata muhuri wa namna hiyo, mpelekeni mtoto apimwe likizo ya kwanza, kisha mpeleke majibu shuleni. Hakuna mlezi wa bweni atakayekasirika kuletewa taarifa ya kweli hata kama imechelewa.

Mtoto ana pumu, selimundu au kifafa. Tukiandika, hatakataliwa?

Magonjwa hayo matatu hayaambukizi. Kifafa hasa kimebeba uongo mwingi. Mate ya mtoto aliyeanguka hayampi mtu yeyote kifafa, na wenzake wanaweza kumgeuza ubavu, kumwekea kitu laini chini ya kichwa na kuondoa vitu vigumu karibu yake bila hofu. Wasimtie kijiko mdomoni.

Andikeni, kisha siku ya kuripoti ongeeni na matroni ana kwa ana. Mwachieni karatasi moja yenye mambo manne: jina la ugonjwa, dawa na saa zake, dalili za kuanza kwa shida, na namba mbili za simu zinazopatikana usiku. Mwenye pumu abaki na kipulizio chake mfukoni, kisifungiwe ofisini, maana kubanwa kifua hakungoji mwenye ufunguo.

Na mwanafunzi anayetumia dawa za kufubaza VVU?

VVU haviambukizwi kwa kulala chumba kimoja, kula sahani moja wala kucheza pamoja, kwa hiyo hakuna sababu ya kiafya ya kumtenga wala kumhamisha bweni. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya mtu, na shule haina ruhusa ya kuyatangaza.

Kinachovuruga matibabu bwenini ni ukaguzi wa matranka. Mtoto anaogopa kopo litaonekana, analiacha nyumbani, dozi zinakatika. Dawa inayokatwakatwa huwapa virusi nafasi ya kuizoea. Njia inayofanya kazi ni mtu mmoja tu shuleni, aliyechaguliwa na mtoto pamoja na mzazi, kukaa na dawa kwenye kabati la huduma ya kwanza, na mtoto kupitia kwake saa ileile kila siku kama anavyopita mwenye dawa za pumu au vidonda vya tumbo. Walimu wengine wote hawahitaji kujua.

Chanjo zipi ziwe zimekamilika?

Tafuta kadi ya kliniki, hata kama imechakaa. Angalia kwanza surua-rubela: dozi mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18. Chanjo hii ya pamoja ilianza kutolewa nchini mwaka 2014, kwa hiyo kwa watoto waliozaliwa kabla ya hapo kadi inaweza kuonyesha surua peke yake. Kama dozi ya pili haionekani, uliza kituo cha afya kabla mtoto hajaondoka. Surua inahitaji karibu watu 95 kati ya 100 wawe na kinga ndipo ikose njia, na bweni la watoto 60 wenye wanane wasiochanjwa liko chini ya hapo.

Kwa wasichana kuna chanjo ya HPV ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Haihusiani na uzazi wa mpango na haizuii mtu kuzaa baadaye. Tunalisema wazi kwa sababu uvumi huo ungali unawafanya wazazi wawafiche binti zao siku ya chanjo.

Tetekuwanga haimo kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo nchini. Ndiyo maana shule huuliza tu kama mtoto aliwahi kuugua.

Katika orodha ya vifaa, vipi vinahusu afya kweli?

Mashuka mawili mawili, foronya mbili, taulo lake, ndoo yake, kandambili, chandarua, nyembe zake na kikombe chake. Ukilazimika kupunguza, usipunguze shuka la pili: mtoto mwenye shuka moja hawezi kulifua siku ya matibabu ya upele, kwa sababu hana la kulalia. Vyote viandikwe jina kwa wino usiofutika, taulo lishonwe uzi wa rangi pembeni. Taulo zote zinazouzwa soko moja zinafanana, na ugonjwa wa macho hupitia hapo.

Ugonjwa upi unamtoa mwanafunzi darasani, na kwa muda gani?

Tetekuwanga: mpaka malengelenge yote yakauke na kuwa magaga, mara nyingi siku 5 hadi 7 tangu upele utokee. Surua: siku 4 kamili baada ya upele kutokea. Matumbwitumbwi: siku 5 tangu mashavu yavimbe. Kuharisha na kutapika: saa 48 baada ya choo cha mwisho cha majimaji, kipindupindu na homa ya matumbo ni mpaka daktari aseme. Mafindofindo yanayotibiwa kwa antibayotiki, na vidonda vya ngozi vyenye majimaji: saa 24 baada ya dozi ya kwanza. Upele wa kuwasha unaoletwa na wadudu wa ngozini: anarudi siku inayofuata matibabu ya kwanza. Kifua kikuu: daktari ndiye anayeruhusu.

Hawa hawatengwi kabisa: mwenye chawa, mwenye mapunye au choa aliyeanza dawa, mwenye homa ya ini B, mwenye VVU, mwenye malaria. Wanatibiwa na kuendelea na masomo.

Mmoja ametoka tetekuwanga. Wengine wote wataugua?

Waliowahi kuugua wana kinga, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwajua. Pita bwenini na daftari, uliza mmoja mmoja, piga simu nyumbani kwa wasiokumbuka. Wale wasiowahi kuugua ndio wa kuangaliwa ngozi kila asubuhi.

Tarehe zina maana sana hapa. Mtu huambukiza siku moja au mbili kabla ya upele kutokea, kwa hiyo unapomtenga wa kwanza ameshawapa jirani zake. Wao wataugua kati ya siku ya 10 na ya 21. Shule nyingi hukosea hapa: wiki ya kwanza ikipita kimya wanadhani yamekwisha, chumba cha kutenga kinarudishiwa magodoro ya stoo, na wiki ya pili watoto sita wanatoka malengelenge kwa mkupuo. Hesabu siku 21 tangu mgonjwa wa mwisho alipotengwa, ndipo ufunge daftari.

Matibabu ni parasetamoli kwa homa, losheni ya kalamini kwa muwasho, kucha fupi na kuoga kila siku kwa sabuni isiyo kali. Maji hayazidishi tetekuwanga. Uchafu kwenye malengelenge yaliyokunwa ndio unaoleta usaha na makovu. Asipewe aspirini kamwe, kwa kuwa ikikutana na ugonjwa huu inaweza kudhuru ini na ubongo. Ibuprofeni nayo iepukwe. Mwalimu mjamzito ambaye hajawahi kuugua, na mwanafunzi mwenye kinga dhaifu, wamwone daktari siku hiyohiyo waliyokutana na mgonjwa, wasisubiri kipele.

Surua nayo si ndivyo hivyo tu?

Hapana. Virusi vya surua hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Homa kali, macho mekundu, mafua na kikohozi hutangulia, kisha upele huanzia nyuma ya masikio na usoni ukishuka mwilini. Mgonjwa mmoja tu anatosha kutoa taarifa kituo cha afya. Damu itachukuliwa ipimwe. Mgonjwa hupewa vitamini A siku mbili mfululizo. Wasiochanjwa waliokuwa naye wakichanjwa ndani ya saa 72 bado wanaweza kuokoka, kwa hiyo simu inayopigwa leo na simu inayopigwa Jumatatu zina tofauti kubwa.

Chumba cha kutenga kinapaswa kuwaje?

Chumba chenye madirisha mawili yanayofunguka, vitanda vilivyoachana angalau mita moja, choo kinachotumiwa na wagonjwa peke yao, na sehemu ya kunawa mlangoni. Kibuyu chirizi cha dumu la lita 5 kinatosha, mradi kina sabuni na mtu aliyepewa zamu ya kukijaza. Tetekuwanga na surua visilazwe pamoja.

Tunasisitiza jambo moja kwa wakuu wa shule. Kisiwe chumba cha adhabu. Pakiwa giza, chakula kinafika kimepoa, hakuna daftari la kunakili masomo wala mtu wa kuzungumza naye, habari itazunguka bweni zima usiku mmoja, na mtoto atakayefuata atavaa sweta la mikono mirefu kwenye jua la saa saba ili upele usionekane. Wapelekewe chakula cha moto kwanza kabla ya foleni ya wengine. Mwanafunzi aliyewahi kuugua tetekuwanga anaweza kuwapelekea wenzake madaftari bila hatari yoyote.

Upele haukwishi bwenini. Tumepaka dawa mara tatu na umerudi. Tunakosea wapi?

Kuna makosa manne, na kwa kawaida yote yapo.

La kwanza, mnatibu wanaojikuna tu. Anayeambukizwa upele kwa mara ya kwanza hukaa wiki 2 hadi 6 bila kuwashwa, huku wadudu wamo ngozini na anawapa wengine. Bweni lenye wanaojikuna kumi lina wengine wasiojijua. Dawa ipakwe na wote wanaolala humo, usiku mmoja, pamoja na matroni kama analala nao.

La pili, dawa inapakwa panapowasha tu. Dawa ya maji meupe ya benzili benzoeti hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayo. Wakubwa hutumia ya asilimia 25 kama ilivyo. Watoto wa msingi huchanganyiwa maji sawa kwa sawa. Wape maelekezo polepole wakiwa wanaangalia: katikati ya vidole kimoja kimoja, viganja, ndani ya kifundo cha mkono, kwapani, kuzunguka chuchu, kitovuni, kiunoni palipo na mpira wa nguo, makalioni, sehemu za siri, nyuma ya magoti, katikati ya vidole vya miguu, nyayoni. Kucha zikatwe kwanza, dawa isuguliwe chini yake kwa mswaki wa zamani. Mgongo hakuna anayeufikia peke yake, kwa hiyo wapange wawili wawili. Anayenawa mikono baada ya kupaka, apake tena mikononi. Hapo ndipo kundi kubwa la wadudu linaposalimika. Dawa ikae saa 24, aoge, apake tena usiku wa pili. Huchoma kidogo kwenye mikwaruzo. Waambiwe mapema wasije wakaikimbilia bombani. Kama mnatumia krimu ya pemethrini ya asilimia 5, hukaa usiku kucha, saa 8 hadi 14, na hurudiwa baada ya siku 7. Vidonge vya ivamektini hutolewa na daktari kwa kipimo cha uzito, dozi mbili zilizoachana wiki moja au mbili, na wajawazito hawapewi.

La tatu, nguo. Asubuhi baada ya dawa, mashuka, foronya, nguo za ndani, nguo za kulalia na taulo vyote vinafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Sweta na koti la shule visivyofulika kwa maji ya moto vifungwe kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa kwa siku tatu au zaidi. Mdudu akikosa ngozi ya mtu hufa. Magodoro yatoke nje, upande mmoja asubuhi, wa pili mchana. Panga kazi hii Jumamosi yenye jua, baada ya kuhakikisha matangi yana maji. Bweni la watu 40 wenye bomba moja litahitaji siku nzima, na likianzwa saa nane mchana watoto watalalia mashuka mabichi au yaleyale ya jana.

La nne ni kukata tamaa mapema. Muwasho huendelea wiki mbili hadi nne baada ya wadudu kufa, kwa sababu mwili bado unakataa mabaki yao. Kabla ya kutangaza kwamba dawa haifai, tafuta vipele vipya. Kama hakuna vipya, ni muwasho wa kupona. Kupaka dawa kila siku kutaunguza ngozi na kuleta muwasho mwingine.

Mapunye hayaponi kwa krimu. Kwa nini?

Kwa sababu fangasi wake wamo ndani ya shina la nywele, na krimu hukaa juu ya ngozi. Mapunye ya kichwani yanahitaji vidonge vya griseofulvini kwa wiki 6 hadi 8, vikimezwa na chakula chenye mafuta kidogo ili vifyonzwe vizuri. Watoto huacha wiki ya tatu nywele zikianza kuota, na yanarudi. Choa cha mwilini ndicho kinachopona kwa krimu, ukiendelea siku kadhaa baada ya alama kufutika.

Kinachosambaza ni mashine ya kunyolea inayopita vichwa 30 Jumapili moja. Kati ya kichwa na kichwa, meno yake yapigwe brashi, yafutwe kwa spiriti na kuachwa yakauke. Wenye mapunye wanyolewe mwisho.

Macho mekundu yameingia. Tuwapake nini?

Mlipuko wa Januari 2024, ulioonekana Dar es Salaam na mikoa mingine, ulikuwa wa virusi, na milipuko mingi huwa hivyo. Antibayotiki haiui virusi. Mgonjwa aoshe macho kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, afute matongo kwa pamba au karatasi laini akitoka upande wa pua kwenda nje, kipande kimoja kwa jicho moja, kisha akitupe. Wengi hupona ndani ya wiki moja hadi mbili.

Chai ya rangi, mkojo, maziwa ya mama, maji ya chumvi ya kukisia na tone la dawa ya jicho la rafiki havifai. Dawa za macho zenye steroidi zinazouzwa kiholela ni hatari zaidi: jicho huonekana limetulia huku kioo chake kikiharibika. Akisema haoni vizuri, anaumizwa na mwanga, au jicho moja linauma sana, apelekwe kwa mtaalamu wa macho.

Anakohoa muda mrefu. Lini tuhofie kifua kikuu?

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinatosha kumpeleka kupimwa makohozi. Ukiona pamoja nacho jasho la usiku linalolowesha shuka, kupungua uzito au homa za jioni, usingoje wiki mbili. Vipimo na dawa vinatolewa bure, na matibabu ya kawaida ni miezi 6. Mgonjwa anayemeza dawa vizuri na kuitikia tiba kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya wiki mbili hivi, hivyo miezi sita haina maana ya kukosa mwaka wa masomo. Wenzake wa chumba wapimwe wote. Usiku madirisha yaachwe wazi. Tunajua Julai huko Njombe na Mufindi si rahisi, lakini hata juu kidogo yafunguliwe na kila mtu apate blanketi la pili.

Wanafunzi watano wanaharisha tangu usiku. Tuanze na nini?

Maji mwilini mwao. Pakiti ya ORS ichanganywe na kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita 1 safi, na kila mmoja anywe kikombe cha mililita 200 au zaidi baada ya kila choo. Pakiti zikiisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo ionjwe, isipite ladha ya machozi. Choo kikiwa kama maji ya mchele, wapelekwe kituoni wakiendelea kunywa njiani, na taarifa itolewe saa hiyohiyo.

Kisha klorini. Kwa jiki ya asilimia 3.5 (soma chupa): kumwagia matapishi na kusafisha choo, kipimo 1 cha jiki kwa vipimo 6 vya maji, kunawia mikono wakati wa kipindupindu, mililita 285 hivi katika ndoo ya lita 20. Kwenye matapishi, mwaga, acha dakika 10, ndipo ufute. Ichanganywe upya kila siku, kwa sababu nguvu hupotea, hasa juani. Isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya choo. Hutoa hewa yenye sumu.

Halafu mwulize mpishi kuhusu maharage na wali wa jana, na uangalie kama tangi la maji lina kifuniko. Mpishi anayeharisha asiguse chakula hadi saa 48 zipite. Akikatwa mshahara kwa siku hizo, mwezi ujao ataficha.

Wasichana wanaanguka na kupiga kelele, mmoja baada ya mwingine. Huu nao ni ugonjwa wa kuambukiza?

Hakuna kijidudu, lakini unaenea kwa kuona na kusikia, na mateso yao ni ya kweli. Unaotajwa duniani kote ni wa kwetu: Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, mkoani Kagera, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia, na wakafika 95 kati ya wanafunzi 159. Shule ilifungwa Machi 18. Waliporudishwa makwao, hali ikazuka kijiji cha Nshamba, walikotoka baadhi yao.

Kwanza ondoa ugonjwa wa kweli: pima joto, malaria na sukari, uliza walikula nini. Kisha watenganishe, kila mmoja mahali tulivu na mtu mzima mmoja mpole, na uwaondoe watazamaji. Maombi ya sauti ya juu mbele ya bweni zima, viboko na kurekodi kwa simu huongeza idadi. Wakishatulia, tafuta kinachowabana: mitihani, njaa, mwalimu wanayemhofia. Sikilizeni kwa makini hasa hilo la mwisho.

Kwa nini msiwarudishe tu nyumbani?

Kwa sababu mtoto mwenye surua atapanda basi lenye abiria 60, atalala kwa shangazi yake mjini, kisha atafika kwa bibi mwenye mjukuu wa miezi mitano ambaye hajafikia umri wa chanjo. Wakirudi shuleni, wanakuja na mzunguko wa pili. Kufunga shule ni uamuzi wa kuchukuliwa pamoja na uongozi wa elimu na Mganga Mkuu wa Wilaya. Mzazi akiweza kuja na usafiri binafsi kumchukua mtoto, na nyumbani hakuna mchanga wala mjamzito, hilo linazungumzika.

Daftari la wagonjwa liandikwe nini?

Tarehe, jina, kidato, bweni, namba ya kitanda, dalili, siku ilipoanza, alichopewa, alipopelekwa, siku aliyorudi darasani. Namba ya kitanda ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo inayokuonyesha kwamba wagonjwa wote wanne wamepakana. Kila jioni mwalimu wa zamu alisome. Wawili wenye dalili zilezile bweni moja ndani ya siku tatu ni sababu ya kuwaangalia wote. Taarifa huenda kituo cha afya cha karibu na kwa Afisa Afya wa Kata. Simu ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Siku ya dawa za minyoo na kichocho, mtoto ale kwanza?

Ndiyo. Prazikwanteli ikimezwa na tumbo tupu huleta kizunguzungu na kutapika, na hapo ndipo wazazi husikia kwamba "watoto wamewekewa sumu". Uji mzito au makande kwanza, ndipo apimwe kwa ule mti wenye alama unaoonyesha idadi ya vidonge kulingana na urefu. Albendazoli ni kidonge kimoja cha miligramu 400. Mwenye kifafa, mgonjwa siku hiyo au mjamzito amwambie mhudumu kabla ya kumeza.

Amepona nyumbani. Arudi na nini?

Karatasi ya hospitali yenye jina la ugonjwa, dawa alizopewa na tarehe anayoruhusiwa kuchangamana na wenzake. "Alikuwa anaumwa, sasa amepona" haimsaidii matroni kujua ahesabu siku 21 au siku 4. Dawa zilizobaki zije kwenye pakiti zake, si kwenye mfuko wa nailoni. Kama ni mtahiniwa na tarehe ya kuruhusiwa imeangukia ndani ya mitihani, mpigie mkuu wa shule siku hiyohiyo unayopata karatasi, ili chumba cha kufanyia mtihani peke yake kishughulikiwe mapema.